9,81 Si Yetu: Kepler, Newton na Namba Tunazozifuta



Kila mmoja wetu aliyesoma fizikia ya sekondari iko na namba moja kichwani ambayo haitoki hata ukimwamsha saa nane za usiku: 9,81. Mwalimu aliiandika ubaoni, sisi tukaiandika kwenye daftari, tukaitumia kwa kila zoezi la jiwe linaloanguka, tukapata alama zetu, tukaenda. Hakuna aliyeuliza namba ile inatoka wapi. Basi niseme wazi: inatoka mbali. Ni namba ya Paris na ya Brussels. Hapa Likasi, digrii 11 kusini ya ikweta na zaidi ya mita 1200 juu ya bahari, kitu kinaanguka pole kidogo kuliko kule. Namba yetu ni karibu 9,78.

Mtaniambia tofauti ni ndogo. Ni kweli, ni kama sehemu 3 kwa 1000. Lakini makala haya yote ni juu ya tofauti ndogo. Nimekuwa nikisoma vitabu viwili vya zamani ambavyo ndivyo vilianza kueleza sawasawa kwa nini sayari zinazunguka na kwa nini jiwe linaanguka, na nimeona kwamba vyote viwili vinategemea tofauti ndogo ambazo mtu mvivu angezifuta. Cha kwanza ni Astronomia nova ya Johannes Kepler, ya 1609. Cha pili ni Principia ya Isaac Newton, ya 1687. Mimi si mtu wa fizikia. Niko na lisansi ya agronomia, ninajua mahindi na udongo kuliko nyota. Ninavisoma sawa vile mtu wa shamba anavyosoma: ninatafuta namba zilipimwa wapi, zilipimwa na nani, na zile zilizokataa kuingia kwenye mstari zilipelekwa wapi.

Kwanza tuondoe tunda njiani

Hadithi tunayoijua wote ni hii: Newton alikaa chini ya mti, pome ikamwangukia kichwani, akaelewa nguvu ya uvutano. Kwisha.

Newton mwenyewe, akiwa mzee, mwaka 1726, alimsimulia rafiki yake William Stukeley kwamba kuona pome ikianguka kulimfanya awaze. Mambo ya kichwa yaliongezwa na watu baadaye. Lakini si kichwa kinachonikasirisha, ni wakati. Ule mti ni wa miaka ya 1665 na 1666, wakati tauni ilifunga chuo cha Cambridge na wanafunzi wakarudi kwao. Kitabu kilitoka 1687. Katikati kuna miaka ishirini ya kuhesabu, kuacha, kugombana na wenzake kwa barua, kurudia, kuomba vipimo vya watu wengine. Tunawapa watoto tunda, tunawaficha miaka ishirini.

Na hiyo si hadithi ya bure tu. Mtoto wa Kikula ao wa Panda akisikia kwamba sayansi ni kitu kinachoanguka juu ya kichwa cha mtu mmoja kule Uingereza, atafikiri nini siku zoezi linapomkatalia? Atafikiri kwamba yeye si wa aina ile ya watu. Hadithi ya pome inafundisha kungojea. Vitabu vyenyewe vinafundisha kitu kingine kabisa.

Dakika nane za Mirihi

Kuna ile nyota nyekundu, Mirihi, ambayo sisi tumeizoea kwa jina la Mars. Ukiitazama kwa miezi kadhaa, utaiona inatembea kati ya nyota zingine kwenda mashariki, halafu inasimama, inarudi nyuma, inasimama tena, kisha inashika njia yake. Kati ya Desemba 2024 na Februari 2025 ilikuwa inarudi nyuma hivyo. Mwenye kukatiwa umeme usiku ule na kupata anga bila mawingu alikuwa na kila kitu cha kuangalia, bure.

Watu wa zamani walieleza kurudi huku kwa duara juu ya duara. Ptolemayo wa Alexandria, kwenye karne ya pili, alipanga hesabu zake hivyo, na zilitumika zaidi ya miaka 1000. Mwaka 1543 Copernicus akatoa kitabu kinachoweka Jua katikati. Kwake, Mirihi hairudi nyuma kweli. Ni sisi tunaipita. Ni sawa na kuwa ndani ya basi kwenye njia ya Lubumbashi: ukilipita lori, kwa jicho lako lori linaonekana kama linarudi Likasi, kumbe nalo linaenda mbele. Wazo zuri sana, lakini Copernicus aliendelea kutumia duara, na hesabu zake bado hazikukaa sawasawa na anga.

Hapo anaingia Tycho Brahe, tajiri wa Denmark, kwenye kisiwa cha Hven. Hakuwa na darubini. Alikuwa na vyombo vikubwa vya kupimia pembe, macho yake, na uvumilivu wa miaka mingi. Digrii moja ina dakika 60 za pembe, na Mwezi mzima unachukua kama dakika 30 angani. Vipimo vizuri vya Tycho vilikuwa na kosa la dakika moja ao mbili tu. Mwaka 1600 Kepler alifika kwake karibu na Prague, akapewa kazi ya Mirihi. Mwaka uliofuata Tycho akafa, na vile vipimo vikabaki mikononi mwa Kepler.

Sasa sikieni kilichotokea, maana njo kiini cha kitabu. Kepler alitengeneza njia ya Mirihi kwa duara. Anaandika kwamba alirudia hesabu zile si chini ya mara 70, na kwa mkono, bila mashine. Mwisho akapata njia inayokubaliana na vipimo vya Tycho kwa karibu dakika 2. Mtu mwingine angepiga chapa na kwenda kulala. Yeye akaijaribu kwa vipimo vingine, na hapo pakatoka tofauti ya dakika 8.

Dakika 8 ni robo ya upana wa Mwezi. Kwa vipimo vya zamani za Ptolemayo, kosa la dakika 10 lilikuwa kitu cha kawaida, na hakuna mtu angesema neno. Lakini Kepler alijua nani alipima na alipima namna gani. Alijua Tycho hawezi kukosea dakika 8. Kwa hiyo aliitupa kazi yake mwenyewe ya miaka, hakuitupa namba ya Tycho. Na anaandika bila kuficha kwamba zile dakika nane peke yake zilifungua njia ya kutengeneza upya astronomia yote.

Njia iliyotoka mwishoni si duara bali duaradufu. Sisi wa bustani tunaijua: unapiga vijiti viwili chini, unafunga kamba yenye kulegea kati yao, unaivuta kwa kijiti cha tatu na kuzunguka. Umbo linalochorwa ni njia ya Mirihi, na Jua linakaa kwenye kijiti kimoja. Tena sayari haiendi mwendo mmoja: ikikaribia Jua inakimbia, ikienda mbali inapunguza. Hayo yote yalitoka kwenye robo ya upana wa Mwezi.

Kichuguu kwenye shamba la majaribio

Kwa nini jambo hili linanigusa? Kwa sababu nimeona kinyume chake karibu sana.

Kwa memwari yangu nilikuwa na majaribio ya mahindi, viwanja vidogo vilivyopangwa kwa safu. Kiwanja kimoja kilizaa kupita vingine vyote, hata vile vilivyopewa mbolea nyingi zaidi. Mtu mmoja aliyekuwa na sauti juu ya kazi yangu, simtaji, alitazama jedwali akaniambia: "Ondosha ile namba, itakusumbua mbele ya juri." Hakuniuliza kiwanja kiko wapi. Hakutaka kwenda kukiona. Namba haikupendeza, basi ifutwe.

Nilirudi shambani na jembe. Chini ya kile kiwanja udongo ulikuwa wa rangi nyingine, mzito, wa kushikana. Mzee mmoja jirani akacheka: hapo palikuwa kichuguu, walikisawazisha zamani. Nyinyi wa Katanga munavijua vichuguu vyetu, virefu kama nyumba, katikati ya miombo. Mchwa hupandisha udongo wa chini, wenye mfinyanzi mwingi na chumvi za madini ambazo mimea inapenda, wakati udongo wetu mwekundu wa kawaida ni mchovu na una asidi. Wakulima wanajua: pahali pa kichuguu panazaa. Namba ile haikuwa kosa. Ilikuwa shamba linasema. Ikabaki kwenye memwari, pamoja na maelezo yake, na juri ilizungumza juu yake kuliko juu ya kitu kingine chochote.

Ninawaambia haya kwa sababu kufuta namba kumekuwa desturi. Kuna watu wanafuta, na kuna wanaotengeneza namba mezani bila kwenda shambani, ju ya pesa ya usafiri haiko. Njaa ya mwanafunzi ninaielewa. Lakini kila namba iliyofutwa ni dakika nane zilizokufa, na hatutajua kamwe zilikuwa njia ya kwenda wapi.

Kepler naye ahakikiwe

Sitaki tumfanye Kepler mtakatifu. Kitabu chake kinachosha. Kina sura 70, na nyingi zinakuongoza kwenye njia ambazo mwishoni anakuambia hazipiti. Kwenye barua moja aliandika kwamba amesafisha zizi la astronomia, akaondoa maduara na mizunguko yote, akabaki na mkokoteni mmoja tu wa samadi. Alisema hivyo kwa aibu kidogo, maana lile umbo lisilo duara lilimkera yeye mwenyewe. Mtu wa agronomia akisoma pale anacheka: ndugu, samadi njo inayozalisha!

Halafu kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1988 mtafiti William Donahue, ambaye ndiye alikitafsiri kitabu hiki kwa Kiingereza, alionyesha kwamba kwenye sura ya 53 kuna jedwali la umbali wa Mirihi ambalo Kepler analitoa kama ushahidi wa kujitegemea unaotoka kwenye vipimo. Donahue aliporudia hesabu, akakuta namba zile zilipatikana kwa kutumia ile nadharia yenyewe ya duaradufu. Kwa maneno ya kwetu: Kepler alijisahihishia mtihani wake mwenyewe.

Inauma. Mtu aliyeheshimu dakika nane mbele, baadaye akapamba jedwali. Lakini angalieni kitu kimoja. Donahue alimkamata vipi, miaka 379 baadaye? Kwa sababu Kepler aliweka vipimo na hesabu zake kwenye karatasi, mbele ya msomaji, kwa wingi ule ule unaotuchosha. Nadharia yake ilisimama kwa sababu wengine waliipima kwa anga, si kwa jedwali lile. Kitabu kinachoonyesha kazi yake kinaweza kukamatwa, na kitabu kinachoweza kukamatwa ndicho kinachostahili kuaminiwa. Huo njo uamuzi wangu juu ya Astronomia nova: mwandishi si malaika, lakini mlango aliuacha wazi.

Newton anafunga mlango

Principia ni kitabu cha tabia nyingine. Mwaka 1684 Edmond Halley alimtembelea Newton akamuuliza: kama nguvu ya Jua inapungua kwa mraba wa umbali, sayari itapita njia gani? Newton akajibu kwamba ni duaradufu, amekwisha kuhesabu, lakini karatasi haionekani. Kutokana na swali lile kikatoka kitabu kizima katika miaka mitatu. Chama cha wanasayansi cha London kilikuwa kimemaliza pesa yake kwa kuchapa kitabu kikubwa cha samaki, basi Halley akalipa uchapaji kutoka mfuko wake. Sisi tunaotafuta pesa ya kuchapa memwari, tumpe Halley heshima yake.

Ninakisoma kwa Kifaransa, kwa tafsiri ya Émilie du Châtelet, mwanamke aliyeifanya kazi ile hadi siku zake za mwisho. Alikufa 1749, na tafsiri kamili ikatoka 1759. Mpaka leo Wafaransa wanaitumia. Dada za chama, jina hilo nanyi mulishike.

Uzuri wa Newton uko kwenye hesabu ya Mwezi. Mwezi uko mbali nasi mara 60 ya umbali wa kutoka uso wa dunia mpaka katikati yake. Kama nguvu inapungua kwa mraba, basi huko juu imepungua mara 60 kwa 60, yaani 3600. Jiwe hapa linaanguka karibu mita 4,9 kwenye sekunde ya kwanza. Mwezi unapaswa kuanguka mita zile zile kwa dakika nzima. Newton akahesabu ni kiasi gani Mwezi unapinda njia yake kuelekea kwetu kila dakika. Ikakubali. Mwezi unaanguka bila kufika, kwa sababu una mwendo wa pembeni. Tangu hapo anga na udongo ni sheria moja. Kitu kinachoshika Mwezi ndicho kinachoangusha embe. Kepler alikuwa amekaribia: kwenye utangulizi wake alisema vitu vinavutana, na kwamba Mwezi unavuta bahari. Lakini alifikiri Jua linazisukuma sayari kwa nguvu kama ya sumaku, hakuwa na hesabu ya kuunganisha yote. Newton alikuwa nayo.

Lakini namna anavyoandika! Nadharia, uthibitisho, matokeo, nadharia inayofuata. Hasemi alipotea wapi. Kwenye kitabu cha tatu anasema wazi kwamba alikuwa ameandika sehemu hii kwanza kwa namna ya kueleweka na watu wengi, kisha akaibadilisha kuwa ya kihesabu ili asiingie kwenye ubishi na watu wasioshika misingi. Yaani alifunga mlango kwa kusudi. Na nyuma ya mlango kulikuwa na mambo: mwaka 1973 mwanahistoria Richard Westfall alionyesha jinsi Newton, kwenye toleo la pili la 1713, alivyosukuma namba fulani, kama ile ya mwendo wa sauti, mpaka zikubaliane vizuri kupita kiasi.

Sasa fungueni silabusi yoyote tuliyonunua auditoriani. Imeandikwa kwa sauti ya nani? Ya Newton, lakini bila uthibitisho wake. Tumechukua mlango uliofungwa, tukaacha nyumba. Sheria ya kwanza, sheria ya pili, sheria ya tatu, g = 9,81, zoezi, mtihani. Newton alikuwa na haki ya kuandika kwa ukali ule kwa sababu kila hatua aliithibitisha. Sisi tunakopi ukali tu.

Afrika iko ndani ya Principia

Na bado, kuna pahali Newton anafungua dirisha. Ni kwenye kitabu cha tatu, pendekezo la 20.

Mwaka 1672 Chuo cha Sayansi cha Paris kilimtuma Jean Richer kwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta. Kazi kubwa ilikuwa kupima Mirihi, ile ile ya Kepler, kutoka huko wakati Cassini anaipima kutoka Paris. Richer alibeba saa ya pendulamu, ile ya uzito unaoning'inia na kwenda huku na huku. Kule Cayenne saa ikaanza kuchelewa dakika mbili na nusu kila siku. Ili iende sawa, ilibidi kufupisha pendulamu kwa karibu milimita 3.

Mtu angesema joto limeirefusha chuma, ao saa imeharibika njiani. Newton aliichukua tofauti ile kwa uzito. Kama pendulamu inakwenda pole, basi uvutano kule ni mdogo, na uvutano ni mdogo kwa sababu dunia inayozunguka imevimba kwenye ikweta na kubanwa kwenye ncha. Kwenye toleo la 1713 anaweka na vipimo vingine, na kati yao kuna vya Varin na Des Hayes, waliopima pendulamu mwaka 1682 kwenye kisiwa cha Gorée.

Gorée, bandugu! Kisiwa cha Senegali, kituo cha biashara ya watumwa. Kipimo kwenye ardhi ya Afrika kilisaidia Newton kujua umbo la dunia, na meli zilizokipeleka kipimo zilipita njia za meli zilizobeba watu wetu. Principia haisemi neno juu ya hilo. Inataja urefu wa pendulamu kwa sehemu za milimita, haitaji nani alikuwa amefungwa mita chache kutoka pale. Hilo ni shimo la kitabu, na sisi tunapokisoma tuna haki ya kulionyesha kwa kidole. Lakini tusiseme basi kwamba fizikia hii si yetu. Tangu mwanzo ilihitaji namba za nchi za joto. Bila sisi, dunia yao ingebaki duara.

Turudi kwenye 9,78

Rafiki yangu mmoja injinia alisoma rasimu ya makala haya akaniambia: "Weye unapoteza wakati. Sehemu 3 kwa 1000 haiangushi daraja." Ni kweli, haiangushi. Lakini tuzungumze juu ya mizani.

Mizani ya mabega mawili inalinganisha uzito na uzito, kwa hiyo inasema sawa popote. Mizani ya elektroniki haifanyi hivyo. Inapima jinsi dunia inavyovuta mzigo. Ikirekebishwa kule Ulaya, kisha ikaletwa Likasi bila kurekebishwa tena kwa mawe ya kipimo, itasoma pungufu ya sehemu 3 kwa 1000. Kwa mfuko wa kilo 100 ni gramu 300. Kwa tani moja ya madini ni kilo 3. Wachimbaji wetu wanajua wizi mkubwa kuliko huo pale wanapouza, sisemi hapana. Lakini ninauliza: ni wangapi kati yetu, wenye diploma, tunaoweza kusimama mbele ya mizani na kueleza kwa nini inapaswa kurekebishwa hapa hapa? Tena wanajiolojia wanapima tofauti ndogo kuliko hizi, ndogo mno, ili kujua wapi chini ya ardhi kuna mwamba mzito. Kwa mji wa madini, uvutano si somo la kupita tu. Mtu anayejua kuupima anajua kitu juu ya udongo wako ambacho wewe hukijui.

Kwa hiyo ninaleta kazi ya nyumbani, haina gharama. Tafuta kipande kizito cha chuma, boloni kubwa inatosha, na uzi mwembamba usiovutika. Funga juu kwenye kitu kisichotikisika. Pima kutoka pale uzi unapoanzia mpaka katikati ya chuma iwe mita moja kamili, na usikubali kosa la milimita moja. Vuta chuma kidogo tu, sentimita tatu ao nne, uachie bila kusukuma. Hesabu kwenda na kurudi mara 500, na saa ya simu mkononi. Kama uvutano ni 9,81, utamaliza kwa dakika 16 na sekunde 43. Kama ni 9,78, utamaliza kwa dakika 16 na karibu sekunde 44 na nusu. Sekunde moja na nusu: huo ndio ukubwa wa tofauti yetu, na simu ya kila mmoja inaweza kuiona. Rudia mara tano. Andika zote tano, hata ile iliyokwenda ovyo kwa sababu mtoto alipita akagusa uzi, na uandike kwamba mtoto alipita.

Na kwa wale wanaoandika memwari mwaka huu, ombi langu ni moja: mwishoni, kabla ya hitimisho, wekeni ukurasa mmoja wa namba zilizokataa. Kiwanja kilichozaa kupita kiasi, sampuli iliyotoa jibu la ajabu, siku ambayo chombo kiligoma. Semeni zilipimwa wapi na munafikiri ni kwa nini. Juri ikiuliza, jibuni kwamba Kepler alipata njia ya sayari kutoka kwenye ukurasa wa namna hiyo, na kwamba Newton alijua umbo la dunia kwa sababu saa moja ilichelewa dakika mbili na nusu na mtu akaandika.

Walimu walio kati yetu nao wanaweza kuanza kesho asubuhi. Andikeni ubaoni 9,81, kama programu inavyotaka. Halafu kando yake andikeni 9,78, na mungoje mtoto wa kwanza atakayeinua mkono.